SAHANI ZA ABIRIA WA VITI: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA CHAKULA, TRENI YA USIKU

Kikao: Cha saba
Siku: Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi
Mahali: Chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, nyuma ya jukwaa la pili

Waliohudhuria: Mkuu wa Stesheni (Mwenyekiti), Msimamizi wa Safari, Mpishi Mkuu, Muuguzi (mwakilishi wa abiria), Karani wa Tiketi (Katibu)
Mwalikwa: Muuza Matairi, abiria mlalamikaji
Hakuhudhuria: Mtunza Stoo (amefiwa na shangazi yake)

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba dirisha lifungwe, maana mabehewa yalikuwa yanaunganishwa nje na watu hawakusikilizana. Alieleza kwamba jambo ni moja: chakula alichokigawa Mpishi Mkuu siku treni ilipokwama, na hatua ya kuchukuliwa dhidi yake.

Msimamizi wa Safari aliomba ieleweke kwamba Mpishi Mkuu ni mke wa kaka yake, lakini kazi ni kazi. Mpishi Mkuu alijibu kwamba ni kweli, na shemeji yake hula kwake kila Jumapili, wala hajawahi kulalamikia chakula. Mwenyekiti aliagiza ya nyumbani yabaki nyumbani.

KUMB. NA. 2/7: YALIYOTOKEA NJIANI
Muuguzi, aliyekuwamo safarini, alieleza kwamba treni ilitakiwa kufika alfajiri, lakini mvua ilisomba tuta la reli karibu na daraja. Ilisimama porini mpaka mchana. Abiria wa vyumba vya kulala walikuwa na chakula ndani ya tiketi zao. Wa viti hawana haki hiyo. Hununua wenyewe, na siku hiyo mikate ya kuuzwa ilikwisha mapema.

Mama mmoja anayenyonyesha alizimia kwenye behewa la viti. Jirani yake aliwahi kumdaka mtoto. Muuguzi alikimbilia behewa la chakula kuomba uji. Msimamizi alimzuia mlangoni akisema, "Nikianza na mmoja, wote watakuja." Muuguzi alimjibu, "Waje. Wana njaa."

Mpishi Mkuu alieleza kwamba alimpelekea mama huyo uji wake mwenyewe. Alipoona hali ya behewa lile, alirudi akagonga vyumba vya kulala mlango kwa mlango, akisema: "Jamani, kilichobaki ni chenu, mmelipia. Wenzenu wa viti hawajatia kitu tumboni tangu jana. Nikipika chungu kimoja, kila mtu atapata kidogo. Asiyetaka aseme tu. Nitampa sahani yake kamili, na sitamnunia."

Wote walikubali, isipokuwa mmoja. Msimamizi alisisitiza kwamba yeye alikuwa amekataza, na kwamba Mpishi Mkuu alimpita kama anapita nguzo.

KUMB. NA. 3/7: MALALAMIKO YA ABIRIA
Muuza Matairi alieleza kwamba yule mmoja ni yeye. Alikiri kupewa sahani kamili na chai juu, ila alikula huku wenzake wote wa vyumba vya kulala wamenyamaza. Alisema huko ni kumdhalilisha mtu mzima. Mpishi Mkuu aliuliza, "Sasa mzee, ulitaka niwaimbishe?" Mwenyekiti alikataza vicheko.

Muuguzi alimwuliza kwa upole kilichofuata. Muuza Matairi alisema kwamba nusu ya sahani ilimshinda. Aliibeba mpaka behewa la viti. Akakuta wameshakula.

"Kuna kibinti kikaniambia, 'Babu, kula tu, sisi tumeshiba.' Hapo ndipo nilipoumia."

Alieleza kwamba hakuja kumfukuzisha mtu kazi. Amesafiri na treni hii tangu ujana wake na hakuwahi kujua kwamba nyuma ya ukuta wa chumba chake watu hulala na njaa. "Msiniulize tena mimi kama mwenzangu ale," alisema. "Wekeni chakula kwenye tiketi ya kila mtu, swali liishe."

KUMB. NA. 4/7: NIDHAMU
Msimamizi alishikilia kwamba Mpishi Mkuu aombe radhi. Mpishi Mkuu alikataa katakata: "Nikiomba radhi leo, siku nyingine nitaogopa."

Maneno yalipanda. Mwenyekiti aligonga meza. Ndipo Msimamizi alipoeleza kwamba zamani, treni ilipokwama vivyo hivyo, umati ulivunja mlango wa jiko, na mpishi wa wakati ule akamwagikiwa maji ya moto. Yeye ndiye aliyembeba. Alimgeukia Mpishi Mkuu akasema, "Nilikuogopea wewe, shemeji. Ningemwambia nini kaka?"

Msimamizi alimwomba Katibu asiandike maneno hayo. Katibu ameyaandika. Mpishi Mkuu alimsogezea shemeji yake bilauri ya maji.

Msimamizi aliondoa shauri lake.

KUMB. NA. 5/7: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwamba kila tiketi, ya chumba au ya kiti, iwe na chakula cha jioni na kifungua kinywa ndani yake, na treni isiondoke bila akiba ya chakula cha dharura.

Mwenyekiti alisema makao makuu watakataa. Ataenda. Wakimkatalia atarudi, na wakimkatalia tena atarudi tena. "Watasaini, hata kama ni kwa kunichoka." Muuguzi na Muuza Matairi waliahidi kufuatana naye kila safari.

Iliulizwa itakuwaje kwa sasa. Mpishi Mkuu alisema wa viti watakula kuanzia leo. Atatumia posho ya wafanyakazi, nao wafanyakazi watapunguziwa sahani. Katibu alikuwa wa kwanza kukubali. Msimamizi alikubali kwa sharti kwamba chakula kipelekwe behewa kwa behewa, watu wasijazane jikoni, naye atangulie mbele. Aliulizwa kama atabeba sufuria. Alijibu, "Nitabeba."

KUMB. NA. 6/7: KUFUNGA
Watu waliachana saa sita kasoro. Mwenyekiti alitaka kumshukuru Mpishi Mkuu, lakini alikuwa ameshatoka. Maharage yalitakiwa kulowekwa.

Mwenyekiti: (saini) Mkuu wa Stesheni
Katibu: (saini) Karani wa Tiketi