Tatu kutoka nne

Jumamosi, Majengo

Leo mchana imepotea rekodi ya sauti ya Mzee Aloisi akieleza mipaka ya kihamba chake, shamba la ukoo. Saa nzima ya Kichagga, na mzee hapumui vizuri.

Binti yake Paulina akaniuliza, "Fundi, si ulisema programu hii haikwami?"

"Kompyuta yako imechoka, dada."

Mzee akacheka. "Aliyechoka ni mimi!"

Nilidanganya. Kompyuta yangu ya dukani ina memori ya giga kumi na sita, na programu ya kurekodi nimeitengea tatu. Nikanakili mpangilio uleule kwenye ya Paulina, yenye giga nne tu. Mfumo endeshi ukiachwa hugawa memori kwa kadiri ya ukubwa wa mashine. Mimi niliulazimisha, ukabanwa, ukaiua programu ili wenyewe usife.

Ndiyo, Paulina na baba yake waliniharakisha. Lakini mimi niliyejifunza kazi hii bila mwalimu, nimeshindwa kutoa tatu kwenye nne?

Kesho tunarekodi upya, mzee akiamka salama. Kwetu anayeomba msamaha hubeba jani la isale. Nimelichuma nikishuka kutoka kwa mzee.

Sasa nijijibu kabla ya kengele ya misa ya kwanza: nitampa Paulina jani hili, au nitaendelea kuisingizia kompyuta yake?