Pigano Nililolikataa Mara Sita

Mwenzangu, nimejifungia stoo hapa kliniki.

Unamkumbuka yule anayejiita Mundu kwenye mchezo wetu wa mtandaoni, anayeniomba pigano kila siku? Kanuni iko wazi, humshambulii mchezaji mwenzako mpaka akubali. Nimemkatalia mara sita.

Ni bosi wangu. Daktari wa meno mwenyewe!!

Mgonjwa yuko kitini, mdomo wazi, mimi nimeshika mrija wa kufyonza mate. Daktari akaniinamia sikioni, taratibu kabisa: "Mara sita unanikatalia. Nimekukosea nini?"

Nikajifanya sijaelewa. Akacheka kidogo. "Mchezoni nasubiri ukubali. Huku sihitaji."

Huku sihitaji! Yaani kasema hivyo, halafu akaendelea kung'oa jino kama vile hajafungua mdomo.

Msimamizi wa mchezo nimeshamwandikia, ila huku atanisaidia nini? Koti nimevua, natokea mlango wa nyuma, na kazini kwake simo tena.

Lakini nijibu kitu kimoja, na usinifiche. Jina ninalochezea nilimwambia mtu mmoja tu, wewe. Ulimwambia nani?