Simu Ilikuwa Imekufa, Nikawaonyesha Kurasa za Zamani

Mama Mshauri mpendwa, shikamoo. Nisaidie, nimewadanganya watu wema. Mimi ni fundi kompyuta, na kwa miezi tisa nimekuwa nikiandika programu nyepesi ya kufungulia kurasa za intaneti, maana zile za Wazungu zinazielemea kompyuta kuukuu tulizo nazo, basi nikatoa picha, nikatoa muziki, nikabakiza maneno tu, Sista Paskazia wa zahanati akafurahi akaniletea waganga sita wa zahanati za Ukerewe waje kuiona, na siku hiyohiyo mvua ikanyesha, simu inayotuletea intaneti ikafa kabisa, nami nikaona aibu, watu wamevuka ziwa halafu warudi hivihivi, kwetu mgeni haondoki bila kitu, nikachomeka waya wa simu kwa madaha nikawafungulia kurasa za dawa za malaria nilizohifadhi kwenye diski tangu mwezi wa tatu, nikasema, "Zinaingia sasa hivi kutoka Ulaya," wakapiga makofi hadi nikatamani ardhi inimeze.

Jana nilimwendea Sista nikamweleza yote. Akauliza, "Kwa hiyo zinasomeka hata simu ikiwa imekufa?" Nikasema ndiyo. "Wewe fundi! Sasa hilo ulituficha la nini? Kule visiwani simu yenyewe iko wapi?" Mama, nilicheka huku machozi yananitoka. Anataka niipeleke programu hiyo Ukerewe Alhamisi. Je, wale waganga niwaambie, au yameisha?

Fundi, Igogo, Mei 1998

Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera pia, maana ulichokionea aibu ndicho walichokuwa wanakitafuta. Lakini hayajaisha hata kidogo! Mgeni hupewa kilichopo, hata kama ni maji ya kunywa, hapewi uongo.

Waganga sita wanaamini walisoma habari za siku ile. Dawa hubadilishwa, dozi hubadilishwa, na wewe uliwapa za mwezi wa tatu. Kwa hiyo kabla ya Alhamisi, juu ya kila ukurasa weka tarehe uliyouchukua, kwa herufi kubwa, na programu yako isifungue ukurasa usio na tarehe. Usiongeze kingine. Wakikulilia picha, kataa, usije ukarudi kulekule kwa mashine kuelemewa.

Ukifika, usikimbilie kuwasha kompyuta. Salimia, kaa, useme "Niliwadanganya" kabla hujaletewa chai. Watakucheka, na chai utaipata. Mtoto mwenye homa hawezi kuuliza tarehe ya dozi yake. Mganga anaweza, ukimwonyesha.