Kalondu, Hukuacha Sindano kwa Uzembe

Mwaka umetimia leo, 14 Juni 1997, tangu tulipokurudisha Machakos, Kalondu, tukakulaza karibu na baba. Kibandani kwako Mashimoni bado wanaulizia githeri yako, mahindi na maharagwe uliyoyapika pamoja. Aliyechukua mahali pako anapika vizuri, lakini hawachagulii wazee maharagwe laini kama ulivyofanya.

Ulikuwa mtu wa mpango. Miaka kumi na moja ulijidunga insulini asubuhi na jioni. Chupa uliiweka ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji, isiharibiwe na joto. Jumapili ulikuja kwa miguu hadi kwangu Kawangware na kiondo cha chakula, na ukifika mlangoni ulisema daktari wa panya aamke, wagonjwa wake wana njaa.

Panya walikuwa kazi yangu kweli. Niliosha vizimba katika maabara moja ambako walitiwa ugonjwa wa sukari, kisha wakanyweshwa maji ya majani fulani. Jina la majani sitaliandika, asije mtu akayatafuta. Mimi nilimshika panya, daktari akampima damu ya mkia, na mchana huohuo sukari ilikuwa imeshuka. Nikakuletea majani mfuko mzima.

Uliuliza mara moja tu. "Uko na uhakika, Ndeti?"

"Nimeona na macho yangu," nikakujibu. "Wachana na hiyo sindano."

Nilikuwa nimeona, ila sikukuambia yote. Panya waliozidiwa walikufa kabla ya kuonjeshwa majani. Mimi ndiye niliyewatoa kwenye vizimba, na hawakuhesabiwa. Waliobaki ni wale ambao ugonjwa haukuwashika sana. Wewe ulikuwa mgonjwa kama wale niliowatupa. Siku ya tano bila sindano ulikuwa unatapika na kuhema, na tulipokufikisha hospitalini hukututambua.

Kwenye mazishi ilisemwa mbele ya watu kwamba uliacha dawa kwa sababu ya kichwa kigumu. Nilikuwa nimeshika koleo. Nikaendelea kufukia. Binti yako Nthenya amekaa mwaka mzima akiamini mama yake hakujali kumwacha.

Jumamosi iliyopita nilimwambia mume wako, Kilonzo, na Nthenya akiwa hapo. Kilonzo alisikiliza hadi mwisho. "Iandike," akasema. "Na jina lako uliweke." Hajanisemesha tena. Nthenya aliniuliza kama kweli ulitaka kupona. Nilimwambia majani yale yalikuwa machungu kuliko kitu chochote nilichowahi kuonja, na uliyanywa kila siku bila kukosa.

Wanaokukumbuka ni mama yetu, Kilonzo, Nthenya, dada yetu Everlyne, majirani wa Mashimoni, na mimi ndugu yako Ndeti, niliyekuambia uache sindano. Hakuna siku tutakayokusahau.