Mbavu za Kuchoma, Siku ya Talaka

Ijumaa, Februari 2016. Saint Paul.

Leo jua limewaka tangu asubuhi, lile jua la Minnesota linalong'aa bila kumpasha mtu joto. Theluji ya juzi imeganda pembeni mwa barabara, imekuwa nyeusi kwa moshi wa magari. Nimerudi nyumbani saa kumi jioni na bado nimevaa koti. Linanuka nyama ya kuchoma, na sitaki kulivua.

Leo mimi na Aneth tumeachana rasmi.

Nimeiandika sentensi hiyo mara nne, nikaifuta mara tatu. Basi ibaki. Miaka minane ya ndoa imemalizwa na jaji mwenye mafua, kwa dakika zisizofika ishirini. Alituuliza kama tuna watoto. Aneth akasema, "Hapana, mheshimiwa." Na mimi nikasema hapana. Jaji akaandika, akapenga kamasi, akatutakia kila la heri.

Tulipotoka nje tulisimama kwenye ngazi za mahakama kama watu wanaomsubiri mtu wa tatu. Sikuwa nimekula tangu jana mchana. Nadhani na yeye vilevile, maana ndiye aliyeanza.

"Una njaa, Elia?"

"Ninayo."

"Basi twende kwa yule mama. Tukale kama watu."

Nilijua anasema wapi. Ni mkahawa wa Wakorea huku Saint Paul, barabara ya Snelling, wenye meza kama kumi hivi na jiko la gesi katikati ya kila meza. Ndipo tulipokuwa tukienda kila tulipopata jambo la kushukuru: siku nilipopata kazi ya kuendesha basi la hoteli kule Bloomington, siku yeye alipofaulu mtihani wake wa uuguzi. Waliosoma blogu hii tangu mwanzo watakumbuka niliwahi kuusifia humu. Nilieleza jinsi mbavu za ng'ombe zinavyolazwa kwenye soya, sukari na kitunguu saumu, ukazichoma mwenyewe mezani, ukazikata kwa mkasi, ukafunga kipande na wali kidogo kwenye jani la saladi, halafu ukatia tonge zima mdomoni. Tuliupenda kwa sababu ulitukumbusha nyumbani. Watu wameizunguka nyama, moshi machoni, na hakuna anayekula sahani yake peke yake.

Mara ya mwisho kwenda pale ni miaka miwili na nusu iliyopita. Aneth alikuwa na mimba ya miezi saba.

Wiki tatu baadaye mtoto alizaliwa akiwa amekwisha kufa.

Hili sijawahi kuliandika popote. Walioniandikia kuuliza kwa nini nimenyamaza, sababu ndiyo hiyo. Na kuna baya zaidi, nalo ni langu mwenyewe. Siku ile hospitalini muuguzi alimleta mtoto amefungwa kwenye blanketi, akasema tunaweza kukaa naye kwa muda wowote tunaotaka. Nikamwambia Aneth nakwenda kuhamisha gari. Gari lilikuwa limepaki vizuri tu. Nilikaa ndani yake saa mbili nzima, nimeshika usukani. Niliporudi, mtoto alikuwa ameshachukuliwa. Aneth hakuniuliza kitu.

Siku ya mazishi nilikuwa na shifti, na sikuomba ruhusa. Alikwenda na akina mama wawili wa kanisani.

Baada ya hapo tuliishi nyumba moja kama wapangaji wenye adabu.

Sasa turudi leo. Mwenye mkahawa ni mama wa Kikorea, mfupi, wa umri wa mama zetu. Sisi tulikuwa tunamwita Mama tu, na yeye alituita wanangu, kwa Kiingereza cha kukatakata kama chetu tulipokuwa wageni hapa. Njia nzima nilikuwa naomba awe ametusahau. Ndiyo kwanza tunavuka mlango, akapiga makofi, akatoka nyuma ya kaunta akamshika Aneth mikono yote miwili. Akatazama nyuma yetu, akatazama chini, kama mtu anayetafuta mtu mfupi.

"Mtoto yuko wapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Naapa nilifungua. Aneth akanitangulia.

"Tumemwacha kwa jirani. Leo tumetoka wawili."

"Wa kiume?"

"Wa kiume."

"Anaitwa nani?"

"Festo."

Hakusita hata kidogo. Ni mimi niliyeshika kiti. Festo ni jina la baba yangu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na mimi sikuwahi kumwomba Aneth afanye hivyo, maana tangu siku ile hatukuzungumza habari za jina. Nilidhani mtoto hana jina. Nilikuwa nimejizoeza kudhani hivyo.

Mama akatukalisha karibu na dirisha, akawasha jiko, akapanga vibakuli vyake vidogo: kabichi ya pilipili, maharage yaliyochipua, viazi vya sukari. Kila akipita anauliza. Anatembea? Anatembea. Anakula vizuri? Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikijibu: "Wali anaupenda. Nyama anaitafuna halafu anaitema." Aneth akanitazama. Nikajua sasa nimevuka mpaka, atainuka aondoke. Akasema, "Na viatu hataki kuvaa. Kila asubuhi ni vita." Mama akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Wa kwake alikuwa hivyo hivyo, akasema, na leo ni mwanasheria.

Sitadanganya. Kwa dakika kama kumi nilikuwa baba wa mtu. Nilimwona kabisa, ana miaka miwili, amekaa kwenye kile kiti kirefu cha watoto pembeni yetu, ana wali kwenye nyusi.

Halafu Mama akaleta bakuli ambalo hatukuagiza. Ilikuwa supu ya mwani, ya kijani iliyokolea, na vipande vya nyama ndani. Akaliweka mbele ya Aneth. Akatueleza kwamba kwao mwanamke akijifungua hupikiwa supu hii siku nyingi mfululizo, irudishe damu na nguvu. Mara ile alipomwona na tumbo alisema moyoni kwamba atampikia. Akatusubiri, hatukuja.

"Umechelewa sana," alimwambia. "Lakini mama ni mama. Kunywa."

Aneth akanywa. Kijiko kwa kijiko, machozi yakimtiririka mpaka bakulini, na hakuyafuta. Mama alidhani ni moshi, akaenda kuongeza feni.

Mimi nilikuwa nageuza nyama. Ndiyo kazi pekee niliyoiweza. Niligeuza mbavu zile mpaka nyingine zikaungua. Aneth alipomaliza supu, alichukua mkasi mkononi mwangu, akakata vipande vilivyoiva vizuri, akaviweka upande wangu. Vilivyoungua akavila yeye. Na alifanya hivyo bila kufikiri, kama kitu alichokuwa akikifanya siku zote.

Miaka minane, nami sikuwahi kuona.

Tulipoondoka Mama alitukumbatia, akasema mara nyingine tuje na Festo. Tukaitikia wote wawili.

Nje kwenye maegesho baridi ilikuwa inakata masikio. Kila mmoja alikuja na gari lake. Tulisimama katikati ya magari hayo mawili.

"Lile jina," nikasema.

"Ndilo lililoko kwenye karatasi za hospitali. Na kwenye jiwe."

"Kwa nini umpe jina la baba? Mimi hata sikuwepo."

"Wewe hukuwepo. Mwanao alikuwepo." Alikuwa anavaa glavu, kidole kimoja kimoja. "Mtoto alikuwa na kwao, Elia. Nisingeweza kumzika kama asiye na kwao."

Ndipo nikauliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza. "Alifanana na nani?"

"Masikio yako. Nywele nyingi mno. Vidole virefu, sijui alivitoa wapi."

Aliyasema bila hasira, na hapo ndipo niliposhindwa. Nililia pale pale nimeegemea gari la mtu nisiyemjua, kamasi zikiganda kwenye masharubu. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya zile saa mbili. Nilimwambia kwamba gari lilikuwa limepaki vizuri.

"Najua," akasema. "Dirisha la chumba lilikuwa linatazama maegesho. Nilikuona."

Miaka yote hii alikuwa anajua.

Akasema amekwishanisamehe, zamani, kabla hata hatujawaona wanasheria. Lakini amechoka. Alisubiri nimuulize mtoto alifananaje. Kila tulipokaa mezani alisubiri. "Ungeniuliza hata mwaka jana," akasema.

Nikamwomba kesho twende makaburini pamoja. Akatikisa kichwa.

"Mimi nimekwenda peke yangu mara nyingi. Na wewe nenda peke yako."

Kisha akanielekeza, taratibu, kama mtu anayempa mgeni njia. Ni upande wa watoto, safu ya tatu kutoka kwenye uzio. Mawe yao ni madogo na yamelazwa chini, kwa hiyo msimu huu yote yamefunikwa na theluji. Nichukue ufagio, nisitumie koleo, koleo litakwangua maandishi.

Akaingia garini. Siku hizi anaishi Eden Prairie, karibu na nyumba ya wazee anakofanya kazi, na alikuwa na shifti ya jioni. Akawasha gari, akashusha kioo kidogo tu, baridi isiingie.

"Endesha polepole, Baba Festo."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nilitaka kumwitikia Mama Festo, lakini kioo kilikuwa kimeshapanda. Nikabaki nimesimama pale mpaka gari lake likakata kona.

Kuna watakaosoma haya waseme basi rudianeni, si mmeshazungumza. Hapana. Nilimwona usoni. Alikuwa na sura ya mtu aliyetua mzigo, na mimi sina haki ya kumtwika tena.

Kesho sina shifti. Ufagio nimekwisha kuutia kwenye gari. Siijui njia vizuri, nitaulizia. Theluji siiogopi, hata baridi siiogopi. Ninachokiogopa ni ule wakati nitakapokuwa nimemaliza kufagia, jina limeonekana, na zamu ya kusema imekuwa yangu.

Baba anajitambulishaje kwa mwanawe baada ya miaka miwili na nusu?