Kitabu cha Kula Bila Mawese

Jumapili, usiku.

Sikatai, kile kitabu alichonipa sitwayeni muganga, yule bwana daktari, kinafaa: tangu niache nyama na mawese, kichwa hakiniumi tena. Lakini aliyekiandika hajawahi kula sahani moja na ndugu zake.

Leo nilivuka mto kwenda Alunguli, kwa mdogo wangu Fatuma. Wote walinawa, wakazunguka sahani ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Mimi nikafungua maharagwe yangu niliyopika bila mafuta. Fatuma akaniuliza mbele ya watoto: "Yaya, mukubwa wangu, unaogopa mukono yangu? Unazani nilitia sumu?"

Nikamwonyesha kitabu. Ni Kifaransa kitupu. Hakukiangalia.

Nimerudi mapema, na maharagwe yangu. Kitabu kinataka mtu atafune polepole. Nimetafuna. Nyumba nzima hakuna sauti ila ya meno yangu.