Kumtetea MacArthur Mbele ya Baba

Jumanne, 3 Februari 1998
Kura imenikamata! Kabla ya kila mdahalo, klabu yetu ya historia hapa Duluth huokota karatasi kofiani. Unachookota ndicho unachotetea. Nimefungua yangu: MacArthur — shujaa. Mimi! Binti wa Arvid Kolstad, aliyeacha vidole sita vya miguu kwenye barafu ya vita vya Korea, mwaka 1950, chini ya jenerali huyo. Nyumbani kwetu jina lile halitajwi tangu nizaliwe.
Mpinzani wangu ni Wendell, mwalimu mstaafu. Amecheka hadi miwani ikamdondoka. "Pole, Inga! Nitakumaliza kabla kahawa haijapoa."
Tutaona.

Jumamosi, 7 Februari
Nasoma kama mwehu. Kushusha jeshi kwenye bandari ya Incheon, mahali maji yakipwa linabaki tope tupu, wakubwa wengi wakisita — na akafaulu! Naona aibu kukiri: nimesisimka. Lakini akapuuza habari kwamba Wachina wanaingia vitani, akawapa vijana matumaini ya Krismasi nyumbani. Hapo Wendell atanichinja.
Baba bado sijamwambia.

Jumapili, 15 Februari
Nimemwambia. Tulikuwa jikoni kwake tunakula samaki. Nikasema harakaharaka, macho mezani, nikamalizia kwa kuomba radhi. Yeye anatoa miiba tu.
"Nani alikwambia namchukia?"
Hakuna. Hakuna aliyeniambia! Miaka arobaini nimemchukia mtu kwa niaba ya baba, bila kumuuliza.
Kumbe Incheon alikuwepo, ana miaka kumi na tisa, na siku ile angemfuata mzee yule hata motoni. Miezi miwili baadaye, ile baridi, na wenzake wakabaki kulekule. "Alitukosea au hakutukosea? Mpaka leo sijui, mwanangu. Nitakuja niwasikilize."
Nimelia ndani ya gari. Kwa furaha, nadhani.

Jumanne, 17 Februari, klabuni
Nimemtetea kwa roho yote! Makofi! Wendell amenijibu vikali, ila alipofika kwenye baridi ile alimtazama baba, akashusha sauti.
Sasa wanapiga kura. Kila mtu ana maharage mawili, jeupe la shujaa, jekundu la mkosaji. Moja linaingia mtungini. Naandika hapahapa kitini.
Baba yuko mbele ya mtungi. Maharage yote mawili yamo kiganjani. Foleni imesimama nyuma yake. Katibu amemwambia, "Hatuna haraka, Mzee Kolstad."
Amegeuka. Ananitafuta kwa macho.
"Inga," ameita, watu wote wanasikia. "Njoo hapa, mwanangu. Wewe umesoma. Niambie nitie lipi."